Sili ya Chini

Watu wa kazini wakisimulia jinsi baba yangu alivyoondolewa karakana, wengine husema ni macho. Wengine husema alionewa na msimamizi. Mimi huwa nanyamaza, nakaza bolti zangu. Hakuna hata mmoja anayenitaja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana aliyemmaliza mzee yule si msimamizi. Ni mimi, bintiye wa kumzaa, na nilifanya hivyo kwa heshima zote.

Baba alikuwa fundi wa injini ndogo katika chuo kimoja kikubwa, chenye viwanja vinne vya michezo na bustani zisizokwisha. Mashine za kukatia nyasi, pampu za maji, jenereta ya jikoni, zote zilipita mikononi mwake kwa miaka thelathini na mmoja. Walimwita Mzee Sikio. Ulimletea mashine inakohoa, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, halafu akasema, "Valvu ya kutolea moshi hiyo. Izime, usiitese." Ukifungua unakuta kweli ni valvu ya kutolea moshi. Walimu wa ufundi, na vyeti vyao ukutani, walikuwa wanakuja kumuuliza kwa mlango wa nyuma ili wasionekane.

Karakana yenyewe ni banda refu la mabati nyuma ya stoo ya viti. Meza ya baba ilikuwa ya mbao nene, imekunywa oili mpaka imekuwa nyeusi tii, chini ya dirisha la pekee. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa, kila moja na msumari wake, na ole wako urudishe namba kumi na tatu kwenye msumari wa kumi na nne. Alikuwa tayari kukuita urudi kutoka getini, hata kama ushavua ovaroli. Mimi alinirudisha mara mbili siku moja, na siku yenyewe nilikuwa nimeolewa wiki moja tu kabla, mume wangu yuko nje ananisubiri na baiskeli.

Nilikuwa fundi bomba upande wa mabweni. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, baba alimwomba msimamizi wa zamani anihamishie kwake. Nilifurahi nikavimba kichwa. Nilisema moyoni, mzee sasa ananirithisha.

Alikuwa na amri nyingi pale, lakini moja ilikuwa juu ya zote, nayo ilihusu sili. Kwa asiyeijua, sili ni pete ya mpira yenye ukingo wa chuma, inayokaa pale krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapotokeza nje ya injini. Inaiachia krenki izunguke, na inaizuia oili isitoke nayo. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Lakini mdomo wake ni laini, na nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba ya duara inayoubana ushike krenki sawasawa. Ukiigonga kwa pembeni, imekwisha. Ukiipitisha juu ya kona kali bila kuifunika hiyo kona, imechanika. Basi baba alipiga marufuku: fundi akiwa na sili mkononi, hasemeshwi. Husalimii, hukohoi, huulizi nyundo iko wapi. Mkuu wa chuo mwenyewe aliwahi kuja na wageni wake, wakasimama mlangoni kimya kama watoto waliochelewa shule mpaka mzee alipoweka nyundo chini. Sisi amri hiyo tuliishika kama dini.

Macho yake yalianza kumwacha taratibu. Mama ndiye aliyegundua kwanza. Akaanza kuweka kikombe cha chai mahali palepale kila asubuhi, mkono wa kulia, mpini umeelekea dirishani. Akaacha kuhamisha viti. Hakuniambia kitu, nami sikumwambia kitu, ingawa nilimwona akifanya, naye aliniona nikimwona. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Jambo la kumwaibisha mtu mzima halitamkwi, linazungukwa.

Kazini alijitahidi, usifanye mchezo. Bolti alizijua kwa vidole. Oili aliipima kwa kuipapasa kwenye kijiti chake kwa kidole gumba. Lakini kuna vitu vidole havivioni. Pampu moja ilirudi kwa sababu gasketi ilikaa upande. Mashine ya nyasi ya kusukuma kwa mkono ikarudi kwa sababu waya wa plagi haukusukumwa ukaingia, kosa ambalo hata mtoto angecheka. Mara zote mbili nilikuwa nimetumwa stoo, na niliporudi maji yalikuwa yameshamwagika.

Na wakati huohuo tukaletewa msimamizi mpya wa viwanja, kijana wa viatu vinavyong'aa, asiyeachana na daftari lake. Ukimwambia mvua imenyesha, anataka ripoti. Tukampa jina Bwana Ripoti. Pampu akaiandika, mashine ya kusukuma akaiandika.

Jumatatu ya wiki ya mahafali, dereva wa trekta dogo la kukatia nyasi aliingia karakana amelivuta kwa kamba. Dereva huyu tunamwita Kofia, kwa kuwa hakuna binadamu aliyewahi kuona utosi wake.

"Mzee, trekta linakojoa," akasema.

"Linakojoa likiwaka au likizimwa?"

"Likiwaka. Na mkanda unateleza, halikati kitu."

"Sili ya chini," baba akasema, hata hajalisogelea. "Oili inashukia kwenye mkanda. Leta."

Bwana Ripoti alikuwa amesimama nyuma yake, na hakungoja Kofia aondoke. Alisema palepale, mbele ya watu. "Mzee, viwanja vyote lazima viwe vimekatwa ifikapo Jumamosi. Na hii ikirudi itakuwa ya tatu. Ikirudi, tutakupeleka getini ukapumzike. Kiti kipo, kivuli kipo."

Baba alijibu neno moja tu. "Nimesikia." Lakini jioni, nilipopita nyumbani kwao kuwajulia hali, nilimkuta hajagusa chakula. Akamwambia mama, "Miaka thelathini na mmoja naamsha mashine, leo nikawe mtu wa kufungulia magari geti? Meza ile wakiniondoa, wamenizika." Mama akasema atafanya vizuri tu, mbona ni sili. Akampakulia tena. Hakula.

Sili tulipewa mbili kutoka stoo, zilizonunuliwa duka la vipuri. Jumanne ilikwenda kwa kushusha injini. Oili tuliimwaga, petroli tukaitoa, tukafungua mkanda. Puli ya chini, gurudumu linalovuta mkanda, iliganda kwa kutu, ikatutoa jasho na kile kifaa cha miguu mitatu cha kuvutia puli mpaka alasiri. Jumatano asubuhi injini ilikuwa juu ya meza, miguu juu kichwa chini, imekalia vipande viwili vya mbao. Kabla ya kuitoa sili ya zamani baba alichovya kijiti cha kiberiti pale ilipokaa, akakitia alama kwa ukucha, ili ajue mpya ikae kina gani. Akatoboa vitundu viwili, akatia skrubu mbili, akaivuta kwa koleo, huku kidogo, kule kidogo, ikachomoka bila kuikwaruza krenki. Aliisugua krenki kwa msasa laini. Nilikuwa namtazama vidole vyake nikasema moyoni, mbona mzee wangu ni mzima huyu, watu wana chuki tu.

Hapo ndipo Bwana Ripoti alipoingia na daftari lake. Kofia naye akaja akaegemea mlango. Kofia akaweka kidole mdomoni kumwonya msimamizi, shh, na bwana mkubwa akatii.

Baba alikata kipande cha chupa ya plastiki ya maji, akaizungushia krenki ili kona za mfereji wa kii, kile kichuma kinachoishikiza puli, zisiukate mdomo wa sili. Akaipaka sili oili, akaigeuza upande wa springi uangalie ndani, akaanza kuiteremsha. Ikashika. Plastiki ilikuwa imekunjika kidogo, pembe imesimama. Akairudisha juu, akaizungusha, akavuta pumzi. Na pale alipoirudisha juu, springi ikaruka.

Niliiona. Ilitoka kama inavyotoka mbegu ya chungwa ukiibana, ikaanguka juu ya kitambaa, ikajiviringisha, ikalala karibu na mkono wangu. Kutoka pale mpaka usoni kwa baba hakukuwa na shubiri mbili. Baba hakuiona. Alinyoosha pembe ya plastiki kwa kidole, akaishusha sili tena, na safari hii ikapita laini kabisa, kwa sababu haikuwa na kitu cha kuibana.

Jamani, ilikuwa muda wa kupepesa jicho mara mbili tatu, lakini niliwaza mambo ya mwaka mzima. Niliwaza kwamba ana sili mkononi, na mwenye sili hasemeshwi. Niliwaza nikisema, "Baba, springi imeanguka mbele yako," Bwana Ripoti ataandika palepale kwamba mzee haoni. Niliwaza pia, na hapa ndipo nilipojiona mjanja, kwamba sili bila springi inaweza kushika siku mbili tatu. Jumapili hakuna mtu kazini. Nitaingia peke yangu, nitafunga ile ya pili, nani atajua? Nikaifunika springi kwa kiganja, nikaitia mfukoni mwa ovaroli.

Baba akaweka kipande cha bomba juu ya sili, akagonga. Ta, ta, ta, akizungukia, sikio limeelekea chini. Akapima kwa kijiti chake. Kisha akasimama, nyundo ingali mkononi, akanigeukia. Akakaa hivyo kidogo. Nikadhani anataka kujifuta. Nikampa kitambaa.

Akakipokea. "Tayari," akasema.

Tulirudisha injini, tukajaza oili, likawaka. Chini pakavu. Bwana Ripoti aliinama akachungulia, akaandika, akasema, "Haya, hongera Mzee," kwa sauti ya mtu aliyekuja kutazama mpira timu ngeni ikashinda. Kofia akapanda, akaondoka nalo akipiga mluzi. Baba siku hiyo alikula sahani mbili. Mama alinipigia simu kuniambia hilo tu, kwamba baba yako amekula sahani mbili.

Alhamisi trekta lilishinda uwanjani kutwa. Nilikwenda mara tatu kulichungulia, nikijidai natafuta koki iliyovuja. Jioni nililiona tone. Moja tu, linang'aa juu ya puli. Ningeweza kumwambia Kofia asiliwashe kesho. Ningeweza kumwita baba pembeni. Nilijikaza kisabuni, nikasema, bado siku mbili, livumilie siku mbili, Mungu wangu.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa mezani na baba, tunasafisha kabureta. Akaweka spana chini. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Uwanja wa mbali uko nyuma ya maktaba.

"Mkono wa pistoni," akasema. "Umekatika."

Ndipo na mimi nikasikia kimya, ile mashine iliyokuwa inanguruma kwa mbali haipo tena. Tulikwenda. Kofia alikuwa amesimama pembeni ya trekta kama mtu aliyegonga ng'ombe wa watu. Mkanda ulipoanza kuteleza alidhani ni umande, akaongeza moto. Oili yote imeshuka kwenye nyasi, injini imekauka, mkono wa pistoni umekatika na kutoboa ubavu wa injini, tundu la kuingiza ngumi. Injini ile haikuwa ya kutengenezwa tena.

Bwana Ripoti alitaka ifunguliwe mbele yake, na baba hakukataa. Tulilivuta trekta mpaka karakana, akaifungua mwenyewe mezani. Akaitoa sili, akapitisha kidole kidogo kwenye mfereji wake wa ndani, akapitisha tena.

"Haina springi," akasema. "Tumeuziwa sili mbovu. Hii imetoka dukani bila springi."

"Mzee," Bwana Ripoti akamwambia, wala hakuwa na ukali, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Fundi wa miaka thelathini anafunga sili, haoni kwamba haina springi?"

Baba aliifuta sili, akaitia mfukoni. Mimi nilisimama pale na mkono mfukoni, nimeishika. Ningesema imeanguka mezani, ingekuwa nimeshuhudia kwamba haoni. Nisiposema, ni haoni vilevile. Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nikautupa.

"Jumatatu uende getini, Mzee," Bwana Ripoti akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Meza hii utaishika wewe. Wewe angalau una macho."

Nikasema, "Ndiyo, bwana." Nisamehewe na nani sijui, lakini hayo ndiyo maneno niliyoyasema.

Jumamosi mchana nilikwenda kwao. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Baba amekaa kwenye stuli karibu na karo, sili ile ameishika, anaizungusha vidoleni. Alikuwa amechemka. Jumatatu, alisema, kabla ya kwenda getini atapitia kule dukani. Atamwekea yule muuzaji sili yake kaunta, mbele ya wateja wote, amuulize kama ana mama. "Mtu ananiuzia takataka, ananimwagia unga wangu, mimi nimwache? Simwachi!"

Nilimwona akilini mwangu akiingia duka la watu na shati lake la kutokea, anapigia kelele kijana asiye na kosa, na watu wanacheka. Hapo nikashindwa. Nikaitoa springi mfukoni, nikamwekea kiganjani.

Aliibonyeza kwa gumba. Aliijua mara moja.

"Umeitoa wapi?"

"Mezani, Baba. Jumatano."

"Kabla sijagonga au baada?"

"Kabla."

"Kwa hiyo sili ilikuwa bado inavulika."

"Ndiyo."

Mama aliacha kuanika. Shuka likabaki mikononi mwake, linadondosha maji.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na sili mkononi," nikamwambia. "Na Bwana Ripoti alikuwepo. Nilikuwa nakusitiri, Baba."

"Unanisitiri nini?"

Nikamwambia. "Macho."

Akacheka, kicheko kifupi kibaya ambacho sijawahi kumsikia nacho. "Macho yangu mimi nayajua tangu mwaka juzi. Unadhani nilikuomba uje karakana ufanye nini? Unishikie tochi? Nilijipima nikaona mikono ninayo, masikio ninayo. Ya macho nikasema, binti yangu yupo. Mwaka mzima nimefanya kazi kwa macho yako, sina wasiwasi, nalala usingizi. Jumatano nimemaliza kugonga, nikakugeukia. Nikakusubiri. Ukanipa kitambaa."

"Hukuniambia, Baba."

"Nilidhani unajua. Kazi ilikuwa inakwenda, nikadhani unajua."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumwambia, ulitaka niwe macho yako, halafu ukaniwekea amri ya kufunga mdomo, sasa ningejuaje, ningeota? Nilitaka kumwambia mama naye, na kikombe chake na mpini wake, kwamba ni wao walionifundisha hivi. Maneno yalijaa mdomoni, na ilikuwa haki yangu kuyasema, na huenda yangetuponya. Nilimwangalia mzee wangu na shati lake lililofungwa vifungo upande, kimoja juu kimoja chini, nikaona aibu kumsemesha. Nikanyamaza. Hata siku hiyo nikanyamaza. Nilimsaidia mama kuanika nguo zilizobaki, nikaenda zangu.

Sasa yuko getini, ana kiti na kivuli. Kofia akipita, baba humtaja kwa jina kabla hajafungua mdomo, kwa mlio wa viatu tu. Wapishi anawajua, walimu anawajua, Bwana Ripoti anamjua akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. Wote hao huwafungulia, wanapita. Mimi kila asubuhi nasimama mbele yake nasema, "Shikamoo, Baba." Hunijibu, "Marahaba," kwa upole kabisa, kisha hunisogezea daftari la wageni na kalamu. Naandika jina langu na saa niliyofika. Penye nafasi ya mtu ninayekuja kumwona, naandika karakana.